Ndoo ya Torkild

Torkild, fundi bomba mstaafu, alijulikana mtaa mzima kwa ukali wake juu ya chemchemi ndogo ya kurusha maji kwa pampu katika bwawa la bustanini kwake. Kila Novemba, kabla maji hayajaganda, aliitoa pampu, akaisugua kwa mswaki mkuukuu, akaizamisha kwenye ndoo ya maji na kuiweka kwenye chumba cha chini ya nyumba. "Mpira wake ukikauka, imekwisha," alimwambia mkewe Ingelise kila mwaka, utadhani mama huyo ni kiziwi.

Januari hii aliteremka kuitazama. Pale pa ndoo palijaa chupa za samaki wa siki. Ndoo yenyewe aliikuta nje, nyuma ya banda, maji yote yamekuwa bonge moja la barafu, na ndani yake pampu imepasuka katikati. Akakaa thelujini na suruali yake ya kulalia.

"Inge," alisema, "umefanya nini?"

Mkewe alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa. "Si unanihubiria kila mwaka isitoke kwenye maji? Haijatoka. Habari ya baridi hukuwahi kunitajia."

Torkild alihesabu miaka aliyohubiri. Miaka ishirini na sita, na kweli hakuwahi.