Bampa la Baba Mdogo

Juzi pale Mombo niliona gari la spoti, bampa lake la mbele limeshonwa kwa waya, nikaikumbuka harusi ya shangazi.

Baba mdogo alileta gari kama lile, la chini chini, ili limpeleke bibi harusi Handeni. Kabla hajafika nyumbani kwetu Masuguru akaingia shimoni. Bampa likapasuka, rimu ikapinda. Tukamfuata gereji ya karibu, iliyonuka plastiki iliyoungua. Fundi aliigonga rimu kwa nyundo, na kila alipogonga, shangazi, aliyekwisha kuvaa shela, alifumba macho.

“Bampa tutalishona,” fundi alisema.

Nikakimbia nyumbani kuleta sindano na uzi mweupe. Sikujua kwamba mafundi hutoboa plastiki kwa msumari wa moto, wakapitisha waya.

“Na wewe tena!” mama alinifokea.

“Vumilieni kidogo tu,” baba mdogo alisihi.

Shangazi akainuka. “Kidogo yako imeanza asubuhi, kaka. Bwana harusi ananisubiri mimi, hasubiri gari.”

Akakunja shela, akaenda stendi kupanda basi, nasi nyuma yake.

Aliolewa jioni ileile. Baba mdogo alifika Handeni kesho yake, akatukuta tunaosha masufuria.