Kenge Mwenye Ukanda

Juzi, katika ofisi ya chifu kule Msambweni, mama mmoja aliweka tenga tupu juu ya meza. Vifaranga wake wote walikuwa wameliwa na kenge aliyefugwa na jirani yake, Mzungu.

“Mbona hukumpiga?” chifu akauliza.

“Kenge wa mwituni ningalimpiga, Bwana Chifu. Huyu ana ukanda shingoni. Ana mwenyewe.”

“Mwenyewe si alirudi kwao Ulaya tulipopata uhuru?”

“Alirudi, lakini ukanda hakuuvua.”

Chifu akamtazama askari wake. Askari akatazama dari. Sisi wa kwenye foleni tukainamia viatu vyetu.

Bendera yao tuliishusha kwa vigelegele. Ukanda wa kenge wao, mpaka naandika haya, hakuna aliyethubutu kuufungua.