Mashati Matatu ya Marehemu

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka, mpaka leo najiuma kidole. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, fundi cherehani mjini Migori, na mdomo nao, wacha tu.

Duka lilikuwa la Dani Awuor. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na kweli alikuwa ameshapata vitukuu. Mama huyo, hebu fikiria, alinunua kompyuta ya mitumba akaanza kujifunza programu ya kuchora kwilti, yale mablanketi ya vipande vya vitambaa vilivyoungwa. Alibonyeza kwa kidole kimoja. Akikosea anafuta, anaanza tena, wala haoni haya kumwuliza yeyote. Kila kitambaa alikipiga picha kwa simu, akakiingiza mle ndani, akakipanga kwenye kioo kabla hajagusa makasi. Mimi nilimcheka. Nilimwambia kompyuta haishoni nguo.

Basi akaja mama mmoja kutoka Macalder. Mumewe, mchimba dhahabu, alikuwa amefariki, naye alileta mashati yake matatu yashonwe kwilti ya binti yao, ambaye alizaliwa baba ameshazikwa. Dani aliniambia nisubiri amalize kuchora. Jumamosi, yeye akiwa kanisani kwao Wasabato, kiherehere kikanishika. Nikakata shati la kwanza, miraba safi kabisa, na nikasahau kuacha nafasi ya mshono. Nilipoiunga, ilipungua pande zote, hailingani na chochote.

Dani alipojua, hakufoka. Alivishika vile vipande, akaniuliza polepole, "Kitambaa ingine iko soko. Shati ya huyu nitanunua wapi?"

Nililia, mwanangu. Aibu ile bado ninayo.

Kisha akakaa kwenye kompyuta. Akaingiza vipimo vya vipande nilivyoharibu, akajaribu mpango huu na ule, siku tatu, chai inapoa pembeni. Mwishowe akapata: vyangu vidogo katikati, mashati mengine kuvizunguka, na ukanda mweupe wa kujazia pengo. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu bibi yule. Yaani mimi mwenye macho mazima nilikuwa nimeharibu, na yeye wa miwani ndiye aliyeokoa.

Mwenye kwilti alipokuja, Dani alitaka niseme mwenyewe nilichofanya. Nikasema. Mama wa watu akapapasa kile kitambaa mpaka kwenye mfuko wa kifuani, ambao mimi nilikuwa nimeukata nusu. Akatia vidole viwili, vikagota.

"Ni sawa," akasema. "Mkono ya mtoto itaingia."

Kwa hiyo nakuambia waziwazi: usimcheke anayejifunza, hata akiwa na umri wa nyanyako. Na ukipata mahali ambapo kosa linafutika, kosea hapo kwanza, tena sana, kwa sababu kuna vitu vinakatwa mara moja tu. Mungu akupe subira, akupe mwalimu mpole, na siku utakayoharibu cha mtu, akupe nguvu ya kumtazama machoni na kusema ni mimi.