Baruti Mbili Mezani kwa Orrin

Orrin Tveit ni mtu wa kuudhi. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana tumekuwa majirani miaka thelathini na minane na sijawahi kunywa kahawa kwake bila kukosolewa jambo. Aliendesha greda la kaunti mpaka alipostaafu, na hata leo hawezi kupita barabara ya kokoto bila kuitukana. Mkewe Marlys alifariki mwaka uliofuata. Aliyembakia ni binti yake Corinne, na kibanda cha nyuma anakotengenezea risasi kwa mkono, akijaza maganda baruti.

Risasi za dukani zipo, lakini hazitaki. Anasema zimetengenezwa kwa ajili ya bunduki ya kila mtu, na bunduki hiyo yeye hajawahi kuiona.

Mwaka huu Corinne alipata kibali cha kuwinda kondoo dume wa mwitu. Ameomba miaka ishirini na mitatu, na kila mwaka bahati nasibu ya jimbo ilimwacha mikono mitupu. Wako watu hapa Montana wanaozikwa bila kukipata. Corinne ana miaka arobaini na sita, anaendesha basi la shule, na alijua hatakipata tena. Akamwambia baba yake, "Nitapiga risasi zako au sipandi mlima."

Basi mzee akajitwika kazi ya kuchagua. Juni nzima ilikuwa fataki, vile vikombe vidogo vya kitako cha risasi vinavyowasha baruti. Madukani zilikuwa zimeadimika, kwa hiyo alibadilishana na watu kwa jemu mpaka akapata aina tatu. Baruti ile ile, uzito ule ule. Anabadilisha fataki tu. Anapiga tano kwenye karatasi, anangoja mtutu upoe, anapiga tano nyingine. Aina ya kwanza ilitawanya matundu ovyo. Ya pili, iliyokuwa kali zaidi, iliyapanga juu na chini kama vifungo vya shati. Ya tatu ilinyamazisha mdomo wangu: matundu matano, na sarafu ya robo dola ikayafunika yote.

"Hiyo ndiyo," nikasema.

"Hiyo ndiyo leo, Wendell. Na kule juu, asubuhi ya baridi, je?"

Kwa hiyo Julai ikawa baruti. Risasi nyingine alizilaza kwenye friji kando ya siagi, nyingine akaziacha kwenye joto la kibandani, kisha akazipiga siku moja. Baruti mbili zilibadilika tabia. Ya tatu, yenye punje ndefu kama vijiti vilivyokatwakatwa, haikujali baridi wala joto. Akaiandika daftarini na kuipigia mstari. Sijamwona na furaha ile tangu Marlys aondoke.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu. Orrin ana sheria moja: mezani linakaa kopo moja la baruti, na la pili haligusi meza mpaka la kwanza lirudi kabatini. Mimi naijua sheria hiyo kuliko amri za kanisani. Lakini kuchakulo walikuwa wametoboa malisho yangu yote, na nilitaka risasi za kabunduki kangu kadogo. Siku aliyokuwa anajaza za Corinne, niliingia na kopo langu, nikalitua mezani.

"Ukimaliza zake, nijazie na mimi, basi. Dakika kumi tu."

"Toa uchafu wako mezani."

"Acha ubibi, Orrin," nikamjibu, nikaenda zangu. Mpaka leo najiona mpumbavu.

Kesho yake asubuhi nilikuja kuchukua zangu. Makopo yote mawili yalikuwa mezani, wazi. Orrin alikuwa kwenye kiti chake, anakitazama kipimio cha kumiminia baruti, na chupa iliyo juu yake sasa ilikuwa tupu.

"Wendell, jana niliongeza baruti katikati ya kazi," akasema. "Niliichota wapi?"

"Si kwenye kopo lake?"

"Nakuuliza kwa sababu sikumbuki!"

Baruti yangu inaungua upesi mno. Weka uzito ule ule kwenye risasi kubwa ya Corinne na bunduki inapasuka, na shavu la mpigaji limeegemea papo hapo. Corinne alikuwa ameshachukua risasi zake ishirini, ameenda shimo la kokoto kuzijaribu.

Nilijua na jambo jingine. Tangu majira ya kuchipua mzee ameacha jiko likiwaka mara mbili, na Jumamosi moja alienda kanisani akakuta mlango umefungwa. Corinne alimwambia waziwazi kwamba likitokea jingine, kibanda kitafungwa. Ndiyo maana nikasema neno la aibu.

"Labda ziko sawa. Ukimwambia, ndiyo mwisho wako humu."

"Washa gari," akasema Orrin.

Simu haishiki kule. Niliendesha kama mwizi, naye hata barabara hakuitukana. Tulipokaribia tukasikia mlio mmoja, kisha wa pili. Orrin akashuka gari halijasimama vizuri.

"Baba!" Corinne alikuwa anacheka, ameshika risasi ya tatu. "Njoo uone! Mbili, tundu moja! Wewe mzee ni mchawi!"

Angeweza kunyamaza hapo. Tundu moja! Mimi ningenyamaza, nakiri.

"Weka hiyo chini," Orrin akasema. "Usipige hata moja. Sijui nilichoweka ndani."

"Hujui vipi? Si unaandika kila kitu?"

"Niliandika. Halafu nikasahau nilichofanya. Nimesahau, Corinne. Kichwa changu kimesahau."

Corinne aliiweka chini. Kwenye gari langu mlikuwa na nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi, tukaanza kuzifungua moja moja kwa mpangilio wa boksi, tukimwaga baruti kwenye karatasi nyeupe. Ya tatu ilitoa vijiti, na ya nne, na ya tano. Tulipofika ya kumi nikaanza kutabasamu.

"Mzee, umetutia presha bure," nikasema.

"Zote," akasema Orrin.

Ya kumi na mbili ilimwaga vijiti vichache, na pamoja navyo punje za duara kama ulezi. Zilikuwa zangu. Corinne aliitazama karatasi, akajishika shavu, akakaa kokotoni. Nilimwambia kopo lilikuwa langu, nami nililitua mezani. Alinitukana tusi ambalo madereva wa basi la shule hawaruhusiwi kulijua, na nilistahili.

Mchana tulirudi kibandani. Nilingoja Corinne atoe kufuli akifunge. Orrin naye alingoja, amesimama mlangoni kama mgeni. Corinne akavuta kiti cha baba yake, akakikalia.

"Nimebakiza siku tisa nipande mlima," akasema. "Utanifundisha, au nibahatishe?"

"Mimi sigusi kitu."

"Sijakuambia uguse. Nisomee daftari."

Basi akajaza yeye, polepole, anamwaga nusu ya baruti chini, na Orrin anamsuta kila hatua. Kabla ya kila risasi mzee aliliinua kopo na kulisoma jina lililoandikwa, kwa sauti, herufi na namba. Kwenye ya sita Corinne akasema, "Nimeshasikia, Baba."

"Mimi ndiye ninayetaka kusikia," akasema Orrin, akalisogeza kopo karibu na macho, akasoma tena.