Pepo Aliyeamkiwa Shikamoo

Mwaka ambao hedhi ya mama yangu ilikoma, nyumba yetu ya Makorora ilijaa wajuzi. Mama alikuwa na miaka arobaini na minane. Akiwa amekaa tu, jasho lilimtiririka shingoni kama aliyebebeshwa gunia. Usingizi ulimkimbia, na alilia bila mtu kumkosea. Alimweleza baba mara tatu. Mara mbili nilikuwapo. Alisema damu imekatika, mwili unamwaka, moyo umekuwa mzito hata yeye hajui kwa nini. Aliomba mambo mawili tu: alale chumba cha mbele chenye dirisha, na asipike tena adhuhuri.

Baba alikuwa karani wa bohari, hodari wa kusikiliza malalamiko ya wenye mizigo. Lakini yeye alimjibu mkewe kwamba wanawake wote hufika huko na hawapigi kelele. Tena chumba cha mbele kilikuwa cha wageni. Wageni wenyewe walikuja mara mbili kwa mwaka.

Mama alipoacha kabisa kusema naye, ndipo baba akaona kuna ugonjwa. Shangazi, dada yake, alitoa hukumu kabla hajakaa kitako: ni pepo. Baba akaongeza sharti lake. Pepo asipotulia, mama atarudishwa Mwera kwa kaka zake, akapumzike. Neno hilo la kupumzika alilitamka kwa upole, kama anatoa zawadi. Mama alikuwa amezaa watoto sita katika nyumba ile.

Fundi wa pepo akaletwa kutoka Moa. Dawa yake ilikuwa hii: kwa siku saba mgonjwa akalishwe kigodani, mbele yake chungu cha majani yanayochemka, juu yake mablanketi mawili, afukizwe mpaka pepo aseme. Ilikuwa Kaskazi, miezi ambayo hata mbuzi wa mtaani hawatoki kivulini. Mwanamke anayelalamikia joto akafunikwa pamoja na mvuke. Mimi nilikuwa nimeolewa mtaa wa pili, nikija kila asubuhi, na niliwauliza kama hawaoni wanachofanya. Shangazi akanijibu kwamba nimesoma mpaka nimepotea. Nilisoma hadi darasa la nne.

Siku ya saba, baada ya ngoma na ubani, fundi akamtaka pepo ajitaje na aseme anachotaka. Desturi ni kwamba mume humsemesha pepo kwa adabu, kwa kuwa ni mgeni mwenye cheo. Baba akapiga magoti mkekani.

"Shikamoo, bwana mkubwa," alisema. "Tumekukosea nini?"

Maisha yangu yote sikupata kumsikia akimuuliza mama swali hilo.

Chini ya mablanketi mama akasema, kwa sauti yake ileile ya kila siku:

"Nina joto. Sipiki tena adhuhuri. Nitalala chumba cha mbele, dirisha wazi. Na Mwera siendi."

Mwenye masikio angemtambua. Shangazi akapiga kigelegele. Fundi akatangaza kwamba huyu ni pepo wa ukoo mkubwa, ndiyo maana hakuzunguka kwa maneno. Baba akakubali yote palepale, akaapa. Hapakuwa na jambo hata moja jipya kwake, isipokuwa lile la Mwera, ambalo alilizua mwenyewe.

Mama alipofunuliwa, macho yalikuwa mekundu. Nilimpa maji, nikamnong'oneza kwamba ingefaa awaambie ukweli.

"Nimewaambia, mwanangu," alisema. "Si umesikia?"

Akabaki Makorora, katika chumba cha mbele. Joto liliendelea kumjia miaka miwili mingine, na alipotaka kulia alilia. Lakini kila alipoanza kueleza jambo, baba alishusha gazeti kwa hofu na kuuliza ni nani anayesema. Mama alijua vizuri jibu ambalo lingemfanya asikilizwe.

"Ni mimi," alijibu kila mara, na baba akainua gazeti lake akaendelea kusoma.