Waliobaki Nje ya Mhadhara

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka akilini hata leo. Kila ninapokuona umeinamia karatasi zako za hotuba, unaandika mstari na kuufuta, unanirudisha kwenye siku hiyo. Ilikuwa Temeke, miaka ya Ujamaa, wakati uhuru tulikuwa bado tunauzungumzia kama mtoto aliyezaliwa juzi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimepata kazi ya ukufunzi katika chuo kimoja cha elimu ya wafanyakazi, na nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio.

Usidhani nilikuwa jasiri. Nilikuwa mtu wa kuwaza mno. Nikitaka kuvuka barabara, kabla sijainua mguu nilishajiona nimegongwa, nimelazwa, na ndugu wanabishana nani abaki wodini. Mtu akiitikia salamu yangu kwa sauti ndogo, nilishinda siku nzima nikitafuta nimemkosea nini.

Chuo kiliandaa mihadhara ya Jumamosi: wa kwanza siasa, wa pili uchumi, wa mwisho utamaduni. Siasa na uchumi waligawana wakubwa. Utamaduni haukugombewa na mtu, nikapewa mimi.

Sasa kulikuwa na desturi ambayo siku hizo hakuna aliyeiona ajabu. Mgeni rasmi hakuingia ukumbini kimyakimya. Akina mama wa kikundi cha ngoma walimpokea getini kwa vigelegele na nyimbo za kusifu kazi na usawa, naye akacheza nao kidogo, watu wakapiga makofi. Kisha mgeni na washiriki waliingia ndani, mlango ukafungwa ili kelele zisisumbue, na akina mama wakabaki nje kumsubiri atoke wamsindikize. Aliyewaongoza alikuwa Shangazi Somoe, dada yake baba, mtu wa Lindi aliyehamia Temeke zamani. Nilikuwa nikiishi kwake.

Jumamosi ya uchumi mvua ilinyesha. Ndani msemaji alikuwa akieleza kwamba katika nchi hii kila kazi ina heshima sawa. Nje, akina mama walijibanza chini ya upenu wa paa mpaka mhadhara ukaisha, wakatoka tena na khanga zilizolowa wakamwimbia mgeni mpaka kwenye gari.

Tulirudi nyumbani pamoja. Shangazi aliniuliza humo ndani tulisema nini, nikamweleza yote, habari za mkulima na mfanyakazi na jasho lao. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni yaleyale tuliyokuwa tunaimba," akasema. "Mbona huyo msemaji wenu alipewa kiti?"

Nikaanza kumweleza kuhusu ratiba na nafasi. Akanikata.

"Mie sikuombi kitu. Jumamosi ijayo zamu yako, tutakuja kukuchezea ngoma wewe na mgeni wako. Nataka tu ukisimama kule mbele ujue nani yuko nje."

Mwanangu, kuna kukemewa kunakoisha siku ileile, na kuna kule kunakokaa nawe mezani, ukila kunakutazama. Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya mihadhara, bwana mmoja mpole, hakuwa mtu wa kufoka. Nilimwomba akina mama wapewe nafasi ukumbini. Akaniambia kwa upole wake kwamba wale ni burudani, washiriki ni wengine. Nilipojaribu tena, akanikumbusha kwamba kuthibitishwa kwangu kazini kunapitia kwake, na kwamba mkufunzi mzuri ni yule anayejua somo lake linaanzia wapi na linaishia wapi. Nilitoka ofisini nikiwa karibu kumshukuru.

Wiki yote hiyo niliwaza. Nikinyamaza nathibitishwa, napata mshahara kamili, namsaidia mama. Nikisema naweza kupoteza yote, na huenda akina mama wenyewe hawataki kuingia, na huenda nitacheka kwa woga kama kawaida yangu. Nililigeuza jambo kila upande, na kila upande nilikuta sababu nzuri ya kunyamaza. Hilo ndilo lililonitia shaka. Sababu zilikuwa nzuri mno.

Jumamosi ikafika, jua kali. Akina mama wakacheza, mgeni akacheza nao, makofi yakapigwa. Tukaingia, mlango ukafungwa, nikaitwa mbele. Nikasema, "Ndugu Mgeni Rasmi, somo langu la leo ni utamaduni. Akina mama waliotuonyesha utamaduni huo getini wako juani. Naomba waingie wakae, halafu nitaanza."

Mwenyekiti alicheka, akawaambia watu kwamba mwalimu wetu kijana ana utani. Ukumbi nao ukacheka. Mimi nikabaki nimesimama. Akaniinamia, akaninong'oneza, "Binti, soma karatasi yako."

"Sisomi," nikasema. Sikukusudia kukisogelea kipaza sauti, lakini kilikuwa pale pale, na ukumbi mzima ukasikia.

Mgeni akatazama saa. Kisha huko nyuma, walikokaa watu wa kiwanda cha nguo, mmoja akasema si waingie tu, kwani shida iko wapi.

"Viti viko wapi?" jirani yake akamuuliza. "Au utawapakata?"

"Nitasimama mie. Wewe endelea kukaa na kitambi chako."

Watu wakaangua kicheko, na katika kicheko hicho wanaume kadhaa wakainuka, kisha wengine. Mwenyekiti alikuwa akinitazama tu. Nikashuka jukwaani, nikapita katikati ya ukumbi, nikaufungua mlango mwenyewe.

Akina mama walikuwa wamekaa chini ukutani, kwenye kivuli chembamba, miguu mitupu kama walivyocheza. Nikawaambia waingie. Shangazi hakunyanyuka.

"Tunaingia kucheza au tunaingia kukaa?"

"Kukaa, shangazi."

"Basi ngoja tuvae viatu."

Wakavaa viatu. Wakakung'uta vumbi kwenye khanga, wakajifunga upya, taratibu, na mgeni rasmi akingoja. Sijawahi kuona watu wasio na haraka kama wale. Kisha wakaingia wakakaa, na mimi nikasoma mhadhara wangu kwa sauti iliyotetemeka tangu mwanzo hadi mwisho. Shangazi alisinzia kabla sijafika nusu. Sikuudhika. Wakubwa wangapi walikuwa wakisinzia kwenye viti vile kila Jumamosi, na hakuna aliyewaambia watoke?

Baadaye niliambiwa nikiandika barua ya kuomba radhi, jambo litaisha. Sikuandika. Sikuthibitishwa, nikaenda kufundisha shule ya msingi, mshahara mdogo, mama akalalamika miezi na miezi. Watu wamewahi kuniuliza kama nilijuta. Nimeliwaza sana hilo, unanijua, na jibu ni hapana. Wakinirudisha pale leo na magoti haya mabovu, nitaufungua tena mlango ule.

Kwa hiyo sikia ninachokuambia, mwanangu. Usingoje woga uishe ndipo utende. Wangu haujaisha mpaka leo, na mlango niliufungua nao. Kuwaza si ugonjwa, lakini ukijikuta una sababu nyingi nzuri za kunyamaza, zichunguze, uone zinamlinda nani. Na popote watakapokuita uzungumze habari za wananchi, iwe ofisini au katika ukumbi wa hoteli huko Mbezi Beach, usianze kabla hujauliza wananchi wenyewe wamewekwa wapi. Wakikuambia hakuna nafasi, simama wewe. Wakikuambia unavunja ratiba, ivunje. Kazi utapata nyingine. Mimi nilipata, na wanafunzi wa shule ile ya msingi hawakunikosea heshima hata siku moja.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe riziki isiyokufunga mdomo. Akupe wenzako wa kusimama nawe, na siku watakapokosekana, akuimarishe usimame peke yako. Amina.