Sidiria Iliyojaribiwa kwa Jembe

Jumapili iliyopita sokoni Kibuye, nikingoja kiatu changu kishonwe, nilimwona mama wa makamo akijaribu sidiria ya mitumba juu ya gauni lake.

“Mama, si hii ndio namba yako ya kila siku?” muuzaji alimuuliza.

“Hiyo namba ilikuwa ya msichana, bwana. Sasa nimenyonyesha watoto saba. Ile ya nyumbani inanikata mabega mpaka siwezi kulima.”

Aliinama, akalima hewani mara tatu. Mkanda ukateleza. Akachukua nyingine, akalima tena, akainua mikono kama anayejitwika karai la samaki wa omena. Ikatulia.

“Hii imekubali shamba,” alisema, bila kuitazama lebo.

Mimi niliyejifunza kusoma nikiwa na mvi huanza na lebo. Fundi aliponirudishia kiatu, nilikivaa kwanza nikatembea hatua chache, ndipo nikamshukuru.